Pilipili Bila Udongo: Maji Ndiyo Shamba Lako



Tukitembelea vikundi vya Rongai, Kambi ya Moto, Salgaa na Solai, tunaulizwa swali moja kila mara: "Na sisi tusio na shamba, tutafanya nini?" Wanaouliza ni kina mama waliopanga chumba kimoja kwenye ploti, wazee ambao mgongo umekataa jembe, na vijana ambao kipande cha baba kimegawanywa mpaka hakuna cha kugawa tena. Wengi wamesikia kwamba siku hizi watu wanalima bila udongo, ndani ya ndoo na mitungi, barazani au kando ya dirisha. Wengine wameshatembelewa na wauzaji wa vifaa, wakaambiwa watoe pesa ya kikundi haraka kabla bei haijapanda.

Somo letu la leo ni juu ya kutunza pilipili kali inayokuzwa bila udongo, pamoja na mimea mingine ya ndani ya nyumba. Mwisho wa somo, kila kikundi kiweze kujibu maswali matatu: Maji yetu ni ya aina gani, na yanatosha? Nani ataangalia mimea kila siku? Je, wakati wa kununua vifaa umefika au bado?

KILIMO HIKI NI NINI?

Mmea hauli udongo. Unahitaji maji, mwanga, hewa kwenye mizizi, mahali pa kujishikilia, na madini kama naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalsiamu na chuma. Udongo ni ghala tu la vitu hivyo. Mtu akivileta kwa njia nyingine, mmea utakua. Njia hii huitwa haidroponiki. Si uchawi wala si jambo la jana. Mtaalamu Gericke wa Chuo Kikuu cha California, Marekani, alianza majaribio yake ya kukuza mimea ndani ya maji mwaka 1929. Na hapa kwetu si mbali: kule Naivasha, baadhi ya mashamba ya maua hukuza waridi ndani ya mawe mepesi ya volkano badala ya udongo.

Lakini kuna tofauti moja ambayo wauzaji hawaitaji sana. Udongo husamehe. Ukisahau kunyunyiza siku mbili, udongo una akiba. Ukizidisha mbolea kidogo, udongo huipokea na kuitoa polepole. Mmea ulio mtungini hauna akiba hiyo. Hauna jirani wala mvua ya kuuokoa, una wewe peke yako. Ndiyo maana tunasema maji ndiyo shamba lako: yakiharibika au yakikosekana, shamba lote limekwenda.

TUANZE NA MAJI YA HUKU KWETU

Sisi tunakaa katika Bonde la Ufa, chini ya Menengai na milima mingine ya moto ya zamani. Maji mengi ya visima virefu vya huku yana floraidi nyingi, na mara nyingi yana magadi pia. Si mnajua meno ya kahawia ya watoto wetu? Hiyo ni kazi ya floraidi. Ikizidi kwa miaka mingi, huharibu hata mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na visima vingi vya bondeni vimevuka mpaka huo.

Mimea nayo husema. Ule mmea wa ndani wenye majani marefu membamba yenye mstari mweupe, unaoning'iniza watoto wake pembeni ya chungu, ukinyweshwa maji ya floraidi ncha za majani hukauka zikawa kahawia. Pilipili husumbuliwa zaidi na magadi: maji yenye magadi huzuia mizizi kuchukua chuma, majani machanga yakawa manjano huku mishipa yake imebaki kijani.

Hata hivyo, msitumie mmea kama kipimo cha maji ya kunywa. Ncha hukauka kwa sababu nyingine pia, kama kiu au chumvi ya mbolea. Pelekeni maji yapimwe. Na mkumbuke kwamba kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji hupungua sufuriani, floraidi inabaki. Jimbo Katoliki la Nakuru, kupitia mradi wake wa maji, lilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kutumia vichujio vya makaa ya mifupa, ambayo hunasa floraidi. Kazi hiyo ina ufundi wake, kwa hiyo mtu asichome mifupa nyumbani kwa kubahatisha.

Maji mazuri kwa pilipili ni ya mvua. Funga gata kwenye mabati, acha mvua ya kwanza ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, kisha kinga. Hapa sasa tufanye hesabu. Mmea mkubwa unaozaa, wakati wa jua kali, unaweza kunywa lita moja hadi mbili kwa siku. Mimea kumi ni mpaka lita 20, yaani mtungi mzima kila siku. Tangi la lita 1,000 litaisha kwa siku 50. Kiangazi chetu hupita siku 50. Je, mna maji hayo?

Na kama maji ya mvua ni machache, utaratibu ni huu: kwanza watoto wanywe na chakula kipikwe, pilipili baadaye. Hakuna faida ya kuuza pilipili za watoto wa nyumba za watu huku wa kwako wanarudi kwenye maji ya kisima. Mimea inaweza kupewa nusu ya mvua na nusu ya kisima. Tena ni afadhali kutunza mimea mitatu vizuri kuliko kumi yenye kiu.

VIFAA VYA KUANZIA

Hamhitaji kununua mashine. Tafuteni vitu hivi:

1. Mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita 20 au ndoo ya lita 10 kwa kila mmea. Osha kwa sabuni mpaka mafuta yaishe. Usitumie kamwe chombo kilichobeba dawa ya kunyunyizia mimea au ya kuoshea ng'ombe, hata ukiosha mara mia.

2. Mawe mepesi ya volkano, yale yanayoelea majini, ambayo wengine husugulia visigino. Mafundi huyaita pamisi. Tuna bahati, maana milima yetu iliyatapika kwa wingi. Chagua ya ukubwa wa punje ya mahindi mpaka harage. Osha mara tatu au nne hadi maji yatoke bila vumbi. Msichimbe chini ya ukuta wa machimbo, kwa sababu mawe haya huporomoka bila kutoa onyo.

3. Msumari wa kupasha moto, wa kutobolea chombo.

4. Ndoo yenye kifuniko ya kuchanganyia chakula. Maji yakikaa wazi, mbu watazaa humo.

Kata mdomo wa mtungi. Toboa matundu mawili ubavuni, kama vidole vitatu kutoka chini. Usitoboe kitako. Kwa njia hii maji ya ziada yatatoka, na kiasi kidogo kitabaki chini kama akiba. Jaza pamisi. Kama mtungi unapitisha mwanga, uzungushie gunia au uupake rangi nzito, kwa sababu mwanga ukiingia, ukungu wa kijani utaota na kula chakula cha mmea.

Iko njia nyingine ya kuning'iniza mizizi ndani ya maji matupu. Ni nzuri kwa mboga za majani. Kwa anayeanza na pilipili, tunashauri pamisi, kwa sababu ina matundu mengi ya kushika maji na hewa pamoja, na husamehe kidogo ukichelewa.

KUPANDA NA KUPATA MWANGA

Sia mbegu kwenye pamisi laini au siponji iliyoloa, kina cha nusu sentimita. Penye joto huota baada ya wiki moja hadi mbili. Miezi ya baridi, Juni mpaka Agosti, zinaweza kuchukua wiki tatu, kwa hiyo mtu asifukue kuchungulia. Hamisha mche ukiwa na majani manne hadi sita ya kweli, jioni, bila kuukamata shingo. Shika jani.

Pilipili ni mtoto wa jua. Inataka angalau saa sita za jua kila siku. Chumba chenye dirisha dogo hakitoshi: mmea utarefuka kama mtu anayechungulia ukuta, wala hautazaa. Baraza inayopokea jua la asubuhi ndiyo nzuri. Sisi tuko karibu sana na ikweta, ile inayopita Mogotio. Kwa hiyo katikati ya mwaka jua huelemea kaskazini, na Desemba huelemea kusini. Ikibidi, hamisha mitungi ilifuate.

Maua ya pilipili hujichavusha, lakini penye upepo na nyuki yanasaidiwa. Ndani ya nyumba au barazani palipozibwa, tikisa matawi taratibu kila asubuhi maua yanapofunguka. Maua yakianguka mengi, angalia baridi ya usiku, joto kali la mchana au kiu. Mavuno ya kwanza hufika kama miezi mitatu baada ya kuhamisha mche.

CHAKULA CHA MMEA

Hapa ndipo wengi huanguka. Mbolea ya DAP na urea tulizozizoea shambani hazifai mtungini. Urea hutegemea vijidudu vya udongoni viigeuze kwanza, na DAP haina kalsiamu wala potasiamu. Maji ya samadi nayo huoza, hunuka na kumaliza hewa kwenye mizizi.

Nunua kwa agroveti mbolea ya haidroponiki inayoyeyuka yote majini. Mara nyingi huja mbili, A na B. Sababu ya kutenganishwa ni kwamba moja ina kalsiamu, na nyingine ina fosforasi na salfa. Zikikutana zikiwa nzito, hugandana kama chaki na mmea hauwezi kuzila. Kwa hiyo jaza maji ndooni kwanza, tia A, koroga, ndipo utie B. Mche mdogo upewe nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Mmea ukianza kutoa maua, upewe kipimo kamili. Kuzidisha si kupenda, ni kuchoma mizizi.

Ukiweza, nunua karatasi za kupima uchachu wa maji, ule mafundi wanaouita pH. Pilipili hupenda kati ya 5.5 na 6.5. Kama maji yako yako 8, rudi kwenye maji ya mvua. Asidi kali ni hatari kwa macho na mikono, msizilete nyumbani.

Mbolea hizi zifungiwe juu, mbali na watoto. Ni nyeupe kama chumvi na sukari, na ajali ni jambo la dakika moja.

KAZI YA KILA SIKU NA YA KILA WIKI

Kila asubuhi: gusa pamisi chini ya uso wake. Nyunyiza maji ya chakula mpaka matone machache yatoke kwenye tundu. Mche mdogo, mara moja kwa siku. Mmea unaozaa wakati wa jua kali, mara mbili au tatu. Geuza majani, angalia chini yake.

Kila wiki: siku moja nyunyiza maji matupu kwa wingi, yaoshe chumvi iliyobaki. Ukiona ukoko mweupe juu ya mawe, ni ishara kwamba umechelewa kuosha.

Kila baada ya mavuno: chuma kwa mkasi au pamoja na kikonyo, usivute tawi. Anayevuta sigara au kunusa tumbaku anawe kwa sabuni kwanza, kwa sababu tumbaku hubeba ugonjwa wa virusi unaoingia kwenye pilipili. Ukali wa pilipili hauyeyuki vizuri kwa maji. Paka mikono mafuta ya kupikia, kisha osha kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto.

MMEA UKIUGUA

Majani ya chini yote manjano: chakula kimepungua, hasa naitrojeni.

Majani machanga manjano, mishipa kijani: chuma hakifiki. Chunguza maji.

Kitako cha tunda cheusi na kilichobonyea: kalsiamu haifiki. Mara nyingi ni kwa sababu maji hutolewa leo mengi, kesho hakuna.

Mmea umelegea na pamisi imeloa: mizizi haipati hewa. Zibua matundu.

Majani yamejikunja na yananata: ni vidukari au nzi weupe. Changanya kijiko kimoja kidogo cha sabuni ya maji na lita moja ya maji. Jaribu kwenye jani moja kwanza, kesho yake nyunyiza upande wa chini jioni, na asubuhi uoshe. Majivu tunayoyasifu shambani msiyatie mtungini, kwa sababu huondoa uchachu unaotakiwa.

MIMEA MINGINE YA NDANI

Mimea ya urembo hutaka kinyume cha pilipili katika mambo mengi. Ule wenye majani yaliyosimama kama mkonge, pamoja na alovera, huhifadhi maji ndani ya majani. Ingiza kidole udongoni mpaka kiungo cha pili. Kukiwa na unyevu, ondoka. Mimea mingi ya ndani hufa kwa huruma ya maji kuliko kwa kiu. Futa vumbi kwenye majani kwa kitambaa kibichi, maana barabara zetu zina vumbi na jani lililofunikwa halioni mwanga.

Watu huuliza kama mmea wa ndani huiba hewa usiku. Hewa unayovuta ni kidogo mno, haimdhuru mtu. Kinachoua usiku ni jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Kamwe usiingize jiko ndani ili kupasha joto mimea au watu walalapo.

Pia kuna mmea wa majani mapana yenye madoa meupe unaopendwa sebuleni. Utomvu wake huunguza na kuvimbisha mdomo na ulimi. Penye watoto wanaotambaa, usiwepo.

KABLA YA KUTOA PESA YA KIKUNDI

Tunajua vikundi vilivyonunua mabomba na vibanda, na kufikia kiangazi vyombo vikawa vya kukalia kuku. Vifaa vilikuwa vizima. Kilichokosekana ni maji na zamu. Kwa hiyo tunashauri hivi:

Anzeni na mitungi kumi, mingine isizidi hesabu ya maji yenu. Wekeni walinzi wawili kwa kila wiki, ili mmoja akienda matanga au kliniki mwingine abaki. Muwe na daftari lenye tarehe, lita zilizotumika, mbolea, ugonjwa ulioonekana, pilipili zilizochumwa na pesa iliyoingia. Wauzieni kwanza walio karibu: hoteli za madereva wa malori pale Salgaa, wachoma nyama, majirani wa kachumbari. Zikizidi, kausheni. Mkitaka kufunga kwenye chupa na kuuza madukani, ulizeni kwanza masharti ya Shirika la Viwango la Kenya.

Fanyeni hivyo kwa msimu mmoja wa mvua na mmoja wa kiangazi. Halafu fungueni daftari mbele ya wanachama wote. Muuzaji akija, mjibuni kwa hesabu zenu wenyewe. Kama daftari linasema ndiyo, nunueni bila hofu. Kama linasema hapana, mmepoteza mitungi kumi tu, na akiba ya kina mama iko salama.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Maji tunayotumia yametoka wapi? Yamewahi kupimwa floraidi? Nani atayapeleka, na lini?

2. Tangi letu likijaa, litanywesha watu na mimea mingapi kwa kiangazi kizima? Fanyeni hesabu ubaoni.

3. Ni nani kati yetu asiye na shamba wala nguvu za jembe? Mtungi wa kwanza upewe nani?

4. Mlinzi wa zamu akikosa siku mbili, tutafanyaje?

Kazi ya nyumbani: kila mwanachama alete mtungi mmoja safi na debe moja la pamisi iliyooshwa katika mkutano ujao. Mbegu tutasia pamoja.